Karata za Mwenzio Mkononi Mwako

Memori kadi ile ilikuwa nyeusi, haizidi kiberiti kwa ukubwa, na ilifika kibandani siku ya Jumamosi ikiwa kwenye mfuko wa shati la kijana tuliyemwita Fundi. Kibanda kilikuwa Tanga, nyuma ya soko: televisheni nne za chogo, PlayStation 2 nne, feni moja iliyompepea mwenye mali tu. Sheria ilikuwa moja, anayefungwa analipa na kupisha. Fundi akaichomeka kadi, akafungua gemu la mpira la PES, kibanda kizima kikasimama. Simba walikuwemo. Yanga walikuwemo. Jezi zilikuwa na rangi zake sawasawa, majina ya wachezaji yameandikwa kama tunavyoyatamka, na nembo alikuwa amezichora mwenyewe, nukta baada ya nukta, kwa vibonye vya pedi. Timu mbili za Ulaya zisizo na wenyewe pale mtaani ndizo zilizotolewa kafara. Wiki nzima hakuna aliyetaka kuchukua Brazil.

Wiki ya pili tukaanza kutazamana. Fundi alikuwa hafungwi. Hakuwa akichukua Simba wala Yanga. Alichukua timu ya katikati ya msimamo huko Uholanzi, akacheza kipindi cha kwanza kizembe, halafu dakika ya hamsini akamwingiza mshambuliaji wa akiba ambaye hakuna aliyewahi kumsikia, na yule bwana akawa anawapita mabeki kama bodaboda kwenye foleni. Anko, mwenye kibanda, ndiye aliyefungua ukurasa wa kuhariri wachezaji. Mbio, 99. Nguvu ya shuti, 99. Stamina, 99.

"Anko, faili nimelitengeneza mwenyewe," Fundi akajitetea. "Nimelikeshea."

"Faili lako, mwanangu. Mia mbili za wenzio."

Hukumu ikatoka palepale: jezi zibaki, mshambuliaji arudishiwe viwango vyake, Fundi alipe mechi zote za wiki ile. Tangu hapo nimesoma masharti ya kampuni kubwa za gemu, marefu kama kamba ya kisima, na sijaona yaliyoigawa kesi ya namna hii vizuri kuliko Anko. Kadi moja, mkono mmoja, usiku uleule. Nusu ya kazi ilikuwa zawadi kwa mtaa na nusu ilikuwa figisu.

*

Asiyecheza gemu akisikia kijana amechokonoa mafaili yake, husema moja kwa moja kwamba anachiti. Kumbe baadhi ya gemu zinazochezwa sana leo duniani zilizaliwa na watu waliochokonoa gemu za wenzao.

Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Texas, id Software, ilitoa Doom. Mwandishi wake mkuu wa programu, John Carmack, alikuwa ameona jinsi wachezaji walivyolivunjavunja gemu lao la kabla yake, Wolfenstein 3D, ili waingize picha na ramani zao. Mwingine angetafuta kufuli. Carmack akajenga mlango: injini ya Doom ikakaa upande wake, na ramani, picha na sauti zikakaa upande wake, ndani ya mafaili yaliyoishia na herufi WAD, ili mtu aweze kubadili samani bila kuugusa ukuta. Kampuni iliomba jambo moja, kwamba kazi hizo za mashabiki zifanye kazi kwenye nakala iliyolipiwa tu, si ile ya kuonjesha. Biashara na ukarimu vikakaa mkeka mmoja.

Miaka mitano baadaye kampuni ya Valve ikatoa Half-Life, juu ya injini iliyotokana na Quake ya haohao id. Huko Vancouver, Kanada, mwanafunzi wa chuo kikuu mzaliwa wa Vietnam, Minh Le, akaichukua Half-Life na kuigeuza. Akaondoa madude ya anga za mbali, akaweka polisi na magaidi, bomu la kutegwa na mateka wa kuokolewa, raundi fupi ambamo ukifa unakaa pembeni unawatazama wenzako. Jess Cliffe alishughulika na tovuti na wachezaji. Toleo la kwanza la majaribio lilitoka Juni 1999, bure, kwa yeyote aliyekuwa tayari na Half-Life. Wakaliita Counter-Strike. Mojawapo ya ramani zake maarufu, ile ya jangwani yenye kuta za rangi ya mchanga, aliichora kijana wa Uingereza, David Johnston, mwaka huohuo. Valve haikuwapeleka mahakamani; iliwaajiri, na mwaka 2000 gemu likaingia madukani likiwa ndani ya boksi.

Ziko nyingine. DotA ilikuwa ramani tu ya mashabiki ndani ya Warcraft III, na kwayo zikatoka League of Legends na Dota 2. Brendan Greene wa Ireland alianza kwa kuchokonoa modi, yaani gemu lililokwisha chokonolewa, ya watu wengine, DayZ, ambayo yenyewe ilikuwa modi ya Arma 2, na mwisho wake ukawa PUBG, gemu ambalo vijana wa Mwanza na Mombasa wanalicheza kwenye simu bila kujua kwamba babu yake alikuwa faili la bure. Na hapa kwetu kazi ya Fundi haijakoma. Kuna watu wanaochora jezi za ligi zetu kwa ajili ya Dream League Soccer, na wanaoingiza mabasi ya mikoani na matatu za Nairobi, pamoja na maandishi ya ubavuni, ndani ya gemu la mabasi lililotengenezwa Indonesia. Hawalipwi. Wengine ni mafundi wa kweli.

Hata sheria imewahi kuwatetea wachokonozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya vinyago ya Galoob ilitaka kuuza Marekani kifaa kilichoitwa Game Genie, ambacho ulikipachika kati ya kaseti na mashine ya Nintendo, kikakupa maisha yasiyokwisha au mruko wa kupindukia. Nintendo ikashtaki, ikashindwa, na rufani yake ikatupwa mwaka 1992. Baadaye Galoob ikalipwa dola milioni 15 kwa miezi ambayo bidhaa yake ilizuiwa kuuzwa. Fikra ya mahakama ilikuwa nyepesi: aliyenunua kitabu ana haki ya kuruka kurasa akiwa sebuleni kwake. Mtu anayejipa maisha mia akicheza peke yake hajamwibia yeyote, labda raha yake mwenyewe.

Lakini sebule ile ilikuwa na mtu mmoja. Shida ilianza walipokaribishwa wageni.

*

Chukua bao. Mashimo 32, kete 64, watu wawili, na duara la mashahidi wanaojifanya wanakunywa kahawa. Hakuna kinachofichwa: mtaji wako naouona na wangu unauona, nyumba yangu iko wazi mbele yako. Njia ya wizi ni moja, vidole. Anayesambaza kete haraka anaweza kuangusha mbili kwenye shimo moja kama kwa bahati mbaya, na ndiyo maana barazani kuna wazee wasiocheza lakini wanaohesabu. Bao halina haja ya programu ya ulinzi. Lina macho.

Sasa chukua karata. Hapa siri ndiyo mchezo wenyewe. Nikiziona zako, mchezo umekufa. Mezani siri hiyo hulindwa na jambo tusilolifikiria kabisa: karata zako unazishika wewe.

Gemu la risasi kwenye mtandao ni mchezo wa karata ambamo za kwako nimepewa mimi nizishike, nikaombwa nisichungulie. Nitaeleza, maana jambo hili ndilo mzizi wa sura hii yote, na wachezaji wengi wenyewe hawalijui.

Unapocheza Counter-Strike na watu tisa wengine, kila mmoja yuko kwake na kompyuta yake, na katikati kuna seva, ndiyo mwamuzi. Seva inajua kila mtu yuko wapi. Ingekuwa rahisi ikuonyeshe tu kile unachostahili kukiona na ikunyime kingine. Kinachozuia ni umbali. Habari ndani ya nyaya za kioo zilizolazwa baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Inasikika nyingi mpaka uhesabu: kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt, kwa mstari ulionyooka ambao hakuna waya unaoufuata, ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni kama milisekunde 70 hata kama kila kitu kingine kingekuwa kamili, na hakiwi kamili. Waya huzunguka pwani, hupita Bahari ya Shamu, hupokezana na mitambo njiani. Mchezaji wa Dar aliyeunganishwa na seva ya Ulaya huishi kwenye zamani kidogo. Adui akichomoza kwenye kona, seva ikisubiri achomoze ndipo ianze kutuma habari zake, wewe utamwona akiwa ameshakupiga.

Kwa hiyo seva inatuma mapema. Inaiambia kompyuta yako kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mtu, anakuja, jiandae kumchora, ila usimwonyeshe bwana wako bado. Kompyuta inatii. Siri iko ndani ya chumba chako, ndani ya kumbukumbu ya mashine uliyoinunua kwa pesa yako, na kinachokuzuia kuisoma ni adabu ya programu. Mwenye kutengeneza programu ya kuona nyuma ya ukuta havunji chochote cha mbali. Anachungulia karata alizokwisha pewa.

Jambo hili lilianikwa juani mwezi Desemba 1999. Carmack, kwa ukarimu uleule wa milango, alitoa msimbo wote wa Quake ya kwanza uwe huru kwa kila mtu. Siku chache hazikupita, zikafurika Quake zilizochezewa: zilizoona mbali, zilizolenga zenyewe. Wapinzani wa programu huria wakashangilia, mnaona mambo yenu? Eric Raymond, mmoja wa wasemaji wakuu wa programu huria, akajibu kwa makala, na jibu lake mpaka leo halijachuja. Uwazi, alisema, haukuleta udhaifu, uliuonyesha. Quake ilikuwa inaituma kwa mchezaji habari asiyotakiwa kuwa nayo, kwa ajili ya kasi, huku ikitumaini kwamba msimbo ukifichwa hakuna atakayejua. Mimi namkubalia nusu. Ni kweli kwamba tatizo lilikuwepo, na wachiti wa Quake walikuwepo kabla ya hapo. Lakini yeyote aliyewahi kuacha ufunguo chini ya mkeka anajua tofauti kati ya kuuacha pale na kubandika karatasi mlangoni.

Umbali huohuo umezaa dhuluma ndogo nyingine ambayo haina mwizi kabisa. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa Valve aliandika jinsi seva yao inavyorudisha saa nyuma: ukifyatua, seva haijiulizi adui yuko wapi sasa hivi, inajiuliza alikuwa wapi machoni pako ulipobonyeza, kisha inahukumu kwa picha ile. Bila hivyo mtu mwenye laini ya mbali asingempiga mtu hata siku moja. Gharama yake analipa aliyepigwa. Umekimbia, umeshaingia nyuma ya ukuta, umeshashusha pumzi, halafu unakufa, kwa sababu kwenye ulimwengu wa mwenzako bado ulikuwa nje. Unatupa pedi chini, unapiga kelele kwamba yule anachiti. Hachiti. Anaishi Dar.

*

Waliokuja kuwinda wachiti walianza kistaarabu. Valve ilileta VAC mwaka 2002, programu inayopekua kompyuta ya mchezaji ikitafuta alama za chiti zinazojulikana, kama daktari wa bandarini na orodha yake ya homa. Ujanja wake mkubwa ulikuwa subira. Ilipokukamata haikukufukuza siku ileile. Ilikuacha ucheze siku kadhaa, hata wiki, halafu ikawapiga wengi kwa mpigo mmoja. Ingekufukuza papo hapo, aliyekuuzia chiti angejua ni kipande kipi kimeonekana na angekirekebisha kabla ya chakula cha jioni. Na adhabu ya VAC haina msamaha wala mwisho.

Nimesema aliyekuuzia, maana muuzaji yupo, na hilo wazazi wengi hawalijui. Chiti za leo ni huduma ya kulipia kwa mwezi, zenye dawati la kumhudumia mteja na ahadi ya kurudishiwa siku zako programu ikikamatwa. Mwaka 2021 polisi wa Kunshan nchini China, wakisaidiwa na kampuni ya Tencent, waliwakamata watu kumi wa mtandao mmoja wa biashara hiyo, wakazuia mali za mamilioni ya dola, magari ya kifahari yakiwemo. Korea Kusini ilikwishabadilisha sheria yake mwishoni mwa 2016: anayetengeneza au kusambaza programu za kuharibu gemu anaweza kufungwa jela. Nchi ambayo watoto wake hutazama gemu uwanjani kama sisi tunavyotazama mpira haikuona ajabu kuliingiza jambo hili kwenye vitabu vya sheria.

Jaribio nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mwaka 2013, Valve ilipowakabidhi wachezaji wenyewe ukaguzi wa Counter-Strike. Mchezaji mwenye rekodi nzuri aliletewa mkanda wa mechi ya mtu aliyeshtakiwa, majina yamefutwa, akatazama dakika kadhaa na kuamua. Baraza la wazee, ila wazee wenyewe wana miaka kumi na tisa. Kilichojitokeza ni kwamba mashtaka mengi yalikuwa ya hasira tu. Watu humshtaki aliyewafunga. Miaka michache baadaye Valve iliifundisha kompyuta kutazama mitindo ya ulengaji na kupeleka kesi kwa haohao wakaguzi, na kesi za kompyuta zikawa zinaishia kwenye hatia mara nyingi zaidi kuliko za binadamu wenye uchungu. Nimeshaitwa mchiti mara mbili katika maisha yangu ya uchezaji na mara zote nilikuwa nimebahatisha. Nakiri nilijisikia fahari isiyo halali.

Kisha ustaarabu ukaisha. Chiti ziligundua kwamba zikiingia ndani zaidi ya mfumo, kwenye kiini cha Windows ambako programu za kawaida hazifiki, mlinzi wa kawaida hawezi kuziona. Kwa hiyo mlinzi naye akashuka. Mwaka 2020 Riot Games ilitoa Valorant pamoja na mlinzi aitwaye Vanguard, anayeamka pamoja na kompyuta yenyewe, kabla hujafikiria hata kucheza, na kukaa kwenye kiini akitazama kinachopakiwa. Watu walipiga kelele, na kelele zao zilikuwa na hoja: unamkabidhi mgeni ufunguo wa nyumba nzima ili ahakikishe hupindishi sheria za mchezo wa jioni. Riot pia ilifanya jambo ambalo kwangu lina akili zaidi, likapata kelele kidogo. Seva ya Valorant hujitahidi kukunyima habari za adui mpaka pale anapokaribia kabisa kuonekana. Karata chache zaidi zimebaki kwa mwenyewe, na mchungulizi hupata kipande kidogo cha sekunde tu cha kuchungulia.

Kwa wachezaji wa huku ulinzi huu una bei ambayo haijaandikwa kwenye boksi. Kwenye Windows 11, Vanguard hudai kompyuta yenye vitu vya usalama viitwavyo TPM 2.0 na Secure Boot, vikiwa vimewashwa. Nenda Kariakoo, duka lolote la kompyuta za mtumba, zile zilizofanya kazi miaka minane kwenye ofisi za Ulaya kabla ya kuvuka bahari, uulize ngapi zina vitu hivyo. Kijana aliyechangisha mwaka mzima anunue mashine, hajawahi kuchiti hata mtihani, anakuta mlango umefungwa kwa ajili ya mwizi wa Shenzhen au Stockholm ambaye ana kadi maalumu inayosoma kumbukumbu ya kompyuta moja na kuipeleka kwenye nyingine, mahali ambapo mlinzi yeyote hupata taabu kufika.

*

Kesi iliyowachanganya watu kuliko zote haikuwa na risasi. Ni ya Minecraft, ambapo kuna watu wanaoshindana kulimaliza gemu zima kwa muda mfupi kabisa, kila mmoja peke yake, rekodi zikikaguliwa na wachezaji wa kujitolea. Oktoba 2020 kijana wa Marekani aliyejulikana kwa jina la Dream, mmoja wa watangazaji wakubwa wa gemu hilo, alicheza mbio hizo hadharani kwenye mitiririko sita. Ili umalize unahitaji lulu fulani, ambazo viumbe wenye sura ya nguruwe hukupa ukiwapa dhahabu, wakiamua. Na fimbo ambazo viumbe wa moto huacha wakifa, nusu ya nyakati. Ni bahati tupu. Wakaguzi wakahesabu. Katika mabadilishano 262 ya dhahabu, Dream alipata lulu mara 42, wakati ingetarajiwa mara 12 hivi. Viumbe wa moto 305 walimwachia fimbo 211, wakati nusu yake ni kama 152.

Hakuna aliyeliona faili. Hakuna aliyeona mkono. Kulikuwa na hesabu tu, kurasa 29, na hitimisho kwamba nafasi ya mtu kupata bahati ya namna ile, hata baada ya kumpunguzia kwa kila utetezi walioweza kuufikiria, ni moja katika trilioni 7.5. Dream alikana, akamlipa mtaalamu aandike majibu, mashabiki wake wakawatukana wakaguzi kwa miezi. Mei 2021 akakiri: kompyuta yake ilikuwa na modi iliyoongeza mgawo wa vitu hivyo. Ilitengenezwa, alisema, kwa ajili ya video zake za kawaida, zile za kuburudisha, na hakujua kwamba bado imewashwa.

Tuchukulie kwamba alisema kweli. Sina namna ya kumfungua moyo. Basi modi ile ilikuwa halali kabisa Jumatatu, akicheza na marafiki waliojua kwamba video ni maonyesho, na ikawa wizi Jumanne, alipoingia kwenye orodha ya watu ambao walikuwa wamekubaliana kubahatisha sawa. Hakuna herufi moja ya msimbo iliyobadilika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kuchora mstari ndani ya mafaili, kwamba hili linaruhusiwa kuguswa na lile halitaguswa. Anko hakuuliza Fundi amegusa nini. Aliuliza nani alikuwa hajui.

Nao wasiojua huwa karibu kuliko tunavyodhani. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike ya Asia huko Shanghai, timu ya India ilikuwa ikicheza na timu ya Vietnam. Ukumbini, si majumbani. Mashine za waandaaji, waamuzi wamesimama migongoni. Mmoja wa Wahindi, aliyejiita forsaken, aliwatia waamuzi shaka. Mmoja akamsogelea kuangalia kompyuta yake. Mkanda wa tukio uko mtandaoni hadi leo: mwamuzi ananyoosha mkono kwenye mashine, kijana anausukuma pembeni huku akihangaika kufuta kitu. Faili lilikuwa limepewa jina word, kama barua ya kuombea kazi.

Alifungiwa miaka mitano. Mwajiri wao akaivunja timu nzima. Wachezaji wenzake wanne, waliosafiri naye, kula naye na kufanya naye mazoezi, walirudi nyumbani bila kazi kwa ajili ya faili ambalo hawakuwa wamewahi kuliona.

Fundi nilikutana naye miaka kadhaa baadaye, Ubungo, akiwa na duka la kutengeneza simu. Tulicheka sana juu ya yule mshambuliaji wa Uholanzi; hata yeye jina lake lilikuwa limemtoka. Akaniambia kumgeuza yule mtu kulimchukua dakika moja, labda mbili. Jezi zilimchukua siku tatu, kwa sababu nembo ya Simba ilikuwa inagoma kukaa vizuri kwenye visanduku vile vidogo, manyoya yakawa yanatoka kama miali ya jua. Alifuta akarudia, akafuta akarudia.

"Na katika watu wote wa pale," akasema, akipuliza vumbi kwenye simu ya mteja, "hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza yale manyoya niliyapataje."